Walinzi wa Mwili na Ugonjwa wa Baridi Yabisi

(Somo la afya kwa madarasa ya watu wazima, kama lilivyosomwa redioni. Kiongozi wa darasa asome sehemu moja moja kwa sauti, kisha awape wanafunzi nafasi ya kuuliza.)

Natumaini kila mmoja wenu ana daftari lake na kalamu yake, na kama mnasoma usiku, taa inatosha.

Katika somo lililopita tulisoma habari za damu. Tuliona kwamba ndani yake zimo chembe nyekundu na chembe nyeupe, na kwamba chembe nyeupe ndizo askari wa mwili. Leo tutawatazama askari wa namna moja tu, na tutaona yanayotokea wanapokosana na mwenye nyumba.

Kwanza, kiongozi wa darasa aandike ubaoni maneno haya matano, na wote wayasome pamoja:

chembe – sehemu ndogo kabisa ya mwili iliyo hai. Vitabu vingine huiita seli.
kinga – nguvu ya mwili ya kujilinda na maradhi.
kingamwili – kitu kidogo sana kinachotengenezwa na chembe nyeupe ili kumnasa adui.
kiungo – mahali mifupa inapokutana, kama goti, kiwiko au kifundo cha kidole.
baridi yabisi – ugonjwa wa maumivu na ugumu wa viungo.

Mmemaliza? Basi tuendelee.

MIKONO MIGUMU ALFAJIRI

Tuseme yuko mama mmoja, mkulima, mwenye umri wa miaka 40. Alfajiri anaamka kwenda shamba. Anataka kushika jembe, lakini vidole havikunjiki. Anataka kufunga khanga, lakini fundo halifungiki. Mikono yote miwili imevimba penye vifundo vya vidole. Ina joto na inauma. Anakaa karibu na moto. Baada ya saa moja au zaidi vidole vinaanza kulegea, na mchana anafanya kazi kidogo. Kesho yake mambo ni yale yale. Hali hii inaendelea juma la kwanza, juma la pili, hata juma la sita.

Jirani mmoja anamwambia, “Dada, hiyo ni baridi tu. Acha kuosha vyombo kwa maji ya asubuhi.” Jirani wa pili anasema, “Umerogwa. Kuna mtu amekuonea kijicho kwa mavuno yako.” Jirani wa tatu anamletea chupa ya dawa kutoka sokoni na kumwambia, “Kinga yako imepungua, dada. Kunywa hii, itakuongezea kinga.”

Wote watatu wanamtakia mema. Lakini katika shauri hili wote watatu wamekosa, na makosa yao yaweza kumpotezea mama huyu mikono yake. Leo nataka tujue kwa nini.

JINA LINALODANGANYA

Wazee wetu waliuita ugonjwa huu baridi yabisi. Neno yabisi maana yake ni kavu au gumu, na kweli viungo huwa vigumu. Hapo jina ni sahihi. Lakini neno baridi limewadanganya wengi. Ubaridi waweza kuzidisha maumivu, lakini hauleti ugonjwa.

Tena, chini ya jina hili moja yako magonjwa mengi. Kuna maumivu ya goti la mzee lililochoka kwa kazi ya miaka. Hayo si shauri letu la leo. Shauri letu ni yale magonjwa ambayo ndani yake askari wa mwili wanaupiga mwili wenyewe. Moja ni baridi yabisi ya viungo, ndiyo ya yule mama. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 18 duniani walikuwa nayo, na katika kila wagonjwa 100 kama 70 walikuwa wanawake. Jingine ni lupasi, ambalo huweza kushika ngozi, viungo, damu na figo. Hilo nalo huwapata wanawake zaidi sana kuliko wanaume.

Wahenga walisema, “Kikulacho ki nguoni mwako.” Katika magonjwa haya methali hiyo ni kweli kabisa.

WAUAJI WA ASILI

Miongoni mwa chembe nyeupe wako walinzi ambao wataalamu wamewaita “wauaji wa asili”. Jina linatisha, lakini kila mmoja wetu anao tangu kuzaliwa, na bila wao tungekuwa wagonjwa kila mara. Katika kila chembe 100 za damu za jamii inayoitwa limfosaiti, wauaji wa asili ni kama 5 hadi 15.

Walijulikana mwaka 1975. Huko Stockholm, nchini Sweden, Rolf Kiessling, Eva Klein na Hans Wigzell waliona jambo la ajabu. Chembe za panya ambaye hajapata kukutana na saratani fulani ziliweza kuziua chembe za saratani hiyo mara moja. Wakati ule ule Ronald Herberman na wenzake waliona jambo kama hilo huko Marekani.

Kwa nini lilikuwa jambo la ajabu? Kwa sababu askari wengi wa mwili hupaswa kufundishwa kwanza. Ndiyo sababu tunawachanja watoto: chanjo huwaonyesha askari sura ya adui kabla adui hajafika. Lakini wauaji wa asili hawangoji kufundishwa. Ndiyo maana wakaitwa wa asili.

KITAMBULISHO

Sasa ninyi mtauliza: Mlinzi ambaye hakufundishwa sura ya adui, amjuaje adui?

Swali hili liliwasumbua wataalamu kwa miaka. Jibu lilitolewa na Klas Kärre, naye wa Sweden, akaliandika pamoja na wenzake mwaka 1986. Nitalieleza kwa mfano.

Fikirini kijiji chenye walinzi wa usiku. Mlinzi hawezi kuzikumbuka sura za wezi wote wa dunia. Basi anafanya jambo rahisi zaidi. Kila mtu anayepita anamwuliza, “Kitambulisho chako kiko wapi?” Mwenye kitambulisho anapita salama. Asiye nacho anakamatwa.

Mwilini mwetu karibu kila chembe huvaa kitambulisho juu yake, na alama zake hurithiwa kwa baba na mama. Mlinzi wetu hupita akigusa chembe moja moja. Akikuta kitambulisho, anatulia na kwenda zake. Sasa, virusi akiingia ndani ya chembe, mara nyingi huficha kitambulisho ili askari wengine wasimtambue. Chembe za saratani nazo hufanya hila hiyo. Hapo ndipo wanaponaswa, maana mlinzi wetu hutafuta kile kisichokuwapo.

Lakini kukosa kitambulisho si jambo pekee. Chembe yenye shida huonyesha pia dalili za dhiki, kama nyumba inayofuka moshi. Mlinzi hupima mambo yote mawili, kitambulisho na moshi, kisha hukata shauri. Akiamua kuua, hujibana na chembe ile, huitoboa tundu dogo sana, na kuingiza ndani vitu vinavyoifanya ife. Chembe jirani hazidhuriki.

(Kiongozi wa darasa asimamishe somo kidogo. Mwanafunzi mmoja aeleze mfano wa kitambulisho kwa maneno yake mwenyewe.)

KAZI YA PILI: KUPIGA MBIU

Kuua ni kazi ya kwanza. Iko kazi ya pili. Mlinzi hupiga mbiu, yaani huwaita wenzake. Hapigi kwa baragumu, bali kwa kumwaga majimaji fulani katika damu na nyama. Majimaji hayo yakifika kwa askari wengine, huwaamsha na kuwakasirisha. Mahali pale huvimba, huwa pekundu, hupata joto na kuuma. Mkichomwa mwiba, uvimbe mnaouona ni kazi ya mbiu ya namna hiyo.

Walinzi hawa si sawa wote. Wako waliozaliwa kuua, na wako ambao kuua kwao ni kudogo lakini sauti yao ni kubwa. Katika damu ya mtu mzima, katika kila wauaji wa asili 10, kama 9 ni wa kuua na 1 ni wa kupiga mbiu. Shikeni hesabu hiyo, kwa maana sasa tunaingia ndani ya kiungo.

NDANI YA KIUNGO KINACHOUMA

Kiungo kina utando mwembamba kwa ndani, na ute kidogo wa kukilainisha, kama mafuta katika ekseli ya baiskeli. Kwa mgonjwa wa baridi yabisi ya viungo, utando ule hunenepa na ute huwa mwingi. Wataalamu walipovuta ute ule kwa sindano na kuuchunguza, waliwakuta wauaji wa asili. Lakini hesabu ilikuwa imegeuka. Wale wapiga mbiu, ambao katika damu ni wachache, ndani ya kiungo walikuwa wengi. Na katika damu ya wagonjwa wengi, nguvu ya kuua ilikuwa imepungua.

Mnaona hali hiyo? Ni kama kijiji ambacho walinzi hodari wamepungua barabarani, na wapiga kelele wamejaa ndani ya nyumba moja, wakiita msaada mchana na usiku ingawa hakuna mwizi. Askari wengine wanaitika mwito. Wanakuja na silaha zao. Kwa kuwa hawamwoni adui, wanaivunja nyumba yenyewe. Gegedu, ule mfupa laini unaofunika ncha za mifupa, unalika, na mfupa nao unaanza kulika.

Je, tukiwaondoa walinzi hawa, ugonjwa utakwisha? Wataalamu walijaribu jambo hilo kwa panya wa maabara waliotiwa ugonjwa mfano wa huu. Katika majaribio yaliyotangazwa mwaka 2010, panya walioondolewa wauaji wa asili kabla ya ugonjwa kuanza waliugua kidogo, na mifupa yao karibu haikulika. Mngesema jibu limepatikana. Lakini katika majaribio mengine, yaliyotangazwa mwaka 2008, walinzi walipoondolewa ugonjwa ulizidi kuwa mkali, maana kumbe walikuwa wakiwazuia askari wengine wakorofi.

Basi mlinzi huyu huyu huweza kuleta ugonjwa, na huweza kuutuliza. Yategemea yuko wapi, ni wa namna gani, na ni saa gani ya ugonjwa. Hili ndilo jambo kubwa la somo letu. Andikeni: Shida si kinga nyingi wala kinga chache. Shida ni kinga iliyopoteza mizani.

VITA VISIVYOKWISHA

Tutazame mfano wa pili. Kwa wagonjwa wa lupasi, wauaji wa asili katika damu mara nyingi hupungua, na waliobaki huwa dhaifu, hasa wakati ugonjwa umewaka. Hata hivyo mwili wa mgonjwa huyo umejaa kingamwili za makosa, ambazo zinamnasa mwenyeji badala ya mgeni. Kwa upande mmoja kinga imepungua, na kwa upande mwingine imezidi.

Mfano wa tatu ni wa watoto. Kuna baridi yabisi moja ya utotoni inayokuja na homa kali ya kila siku, upele na maumivu ya viungo. Kwa watoto hao nguvu ya kuua ya walinzi huwa pungufu. Mtasema, “Kwani kuna hasara gani? Hakuna adui wa kuua.” Hasara ipo. Kazi moja ya wauaji wa asili ni kuwaua askari wenzao waliopandwa na hasira, vita vinapokwisha. Wasipofanya hivyo, vita haviishi. Askari huwaka zaidi na zaidi. Mtoto hupata homa isiyoshuka, ini na wengu huvimba, damu hupungua, na asipotibiwa upesi anaweza kufa.

Kwa hiyo kifo cha chembe moja kwa wakati wake ni amani kwa mwili mzima.

DAWA ZINAFANYAJE KAZI

Mwaka 1948, katika kliniki ya Mayo huko Rochester, Marekani, Philip Hench alimpa mgonjwa wa baridi yabisi dawa iliyoitwa kotisoni. Baada ya siku chache tu mgonjwa aliyekuwa hawezi kutembea alitembea. Mwaka 1950 Hench na wenzake wawili walipewa tuzo ya Nobel. Lakini ikaonekana kwamba dawa za jamii hii zikitumika kwa wingi na kwa muda mrefu hudhoofisha mifupa, huleta sukari na kufungulia maradhi mengine mlango. Hata leo hutumika, lakini kwa kipimo cha daktari.

Mwaka 1992, huko London, Ravinder Maini na Marc Feldmann walijaribu dawa ya namna nyingine, inayozima mojawapo ya yale majimaji ya mbiu. Ilisaidia wagonjwa wengi. Lakini kuzima mbiu kuna hatari yake: kifua kikuu kilicholala mwilini huweza kuamka. Ndiyo sababu mgonjwa hupimwa kifua kikuu kabla ya kuanza.

Iko dawa nyingine iitwayo rituksimabu, iliyokubaliwa Marekani kwa baridi yabisi ya viungo mwaka 2006. Yenyewe ni kingamwili ya kiwandani. Hujibandika juu ya chembe za jamii ile inayotoa kingamwili za makosa, na mkia wake hubaki nje. Muuaji wa asili akipita, huukamata mkia na kuiua chembe ile. Hii ni mojawapo ya njia zake. Tazameni: mlinzi tuliyemlaumu sasa amekuwa mkono wa daktari.

Dawa hizo mbili za mwisho ni ghali. Lakini dawa ambayo madaktari wengi huanza nayo ni vidonge vya bei nafuu, viitwavyo methotrekseti. Hapa nawaomba mtege masikio, maana ndipo faida ya kujua kusoma inapoonekana. Kwa baridi yabisi, dawa hii hutumiwa SIKU MOJA TU KATIKA JUMA. Mtu akimeza kila siku kwa makosa, inaweza kumwua. Pia haifai kabisa kwa mama mwenye mimba. Basi kila mwanafunzi aandike maneno haya kwa mwandiko wake: “Mara moja kwa juma.” Siku ukimpelekea mzazi wako dawa, soma karatasi yake. Usipoielewa, rudi ukaulize. Kuuliza si aibu.

TURUDI KWA YULE MAMA

Sasa tunaweza kuwajibu wale majirani watatu.

Kwa wa kwanza tutasema: Ndugu, baridi humzidishia maumivu, lakini siyo iliyoleta ugonjwa. Maji ya moto yatamfariji, hayatamponya.

Kwa wa pili tutasema: Ndugu, hakuna mtu aliyemtupia kitu. Ni walinzi wake mwenyewe waliokosea. Usimtafutie adui, utaleta ugomvi kijijini na mama atabaki na maumivu yake.

Kwa wa tatu tutasema: Ndugu, kinga yake haikupungua tu, hata iongezwe kwa chupa. Imepoteza mizani. Tena baadhi ya dawa zinazouzwa hivyo zimekutwa zimechanganywa kwa siri na dawa za jamii ya kotisoni. Mgonjwa hupata nafuu upesi, akasifu, huku mifupa inaliwa.

Na kwa mama mwenyewe tutasema: Dada, usingoje. Ugonjwa huu huweza kuharibu viungo katika miezi ya mwanzo, na gegedu iliyokwisha kulika hairudi. Matibabu yakianza mapema, watu wengi huendelea kushika jembe, sindano na kalamu.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Nenda hospitali ukiwa na viungo vilivyovimba kwa majuma 6 au zaidi, na ugumu wa asubuhi unaopita nusu saa.
2. Mtoto mwenye homa isiyoshuka, pamoja na upele na maumivu ya viungo, apelekwe upesi.
3. Usiache dawa ghafula bila kumwuliza daktari, hata ukijisikia umepona.
4. Ukitumia dawa za kutuliza kinga na ukapata homa au kikohozi kisichokwisha, rudi hospitali mara moja.
5. Soma karatasi ya dawa kabla ya kumeza.

MASWALI YA DARASA

1. Kwa nini walinzi hawa waliitwa “wa asili”?
2. Mlinzi anatafuta kitu gani anapogusa chembe?
3. Taja kazi mbili za wauaji wa asili. Ipi imezidi ndani ya kiungo kinachouma?
4. Kwa nini si vema kumwambia mgonjwa huyu aongeze kinga?
5. Katika kijiji chenu, je, yuko mtu mwenye vidole vigumu asubuhi? Amekwisha kwenda hospitali? Nani kati yenu atamweleza?

Swali la tano lisijibiwe darasani tu. Mlijibu kwa miguu, kwa kwenda kumtembelea.

Kwaherini, mabibi na mabwana, hata somo lijalo.